Kinga ya utotoni haidumu

“Mimi nimekulia kwenye malaria, hainitishi.” Kauli hii husikika sana kwa wanaoishi ughaibuni wanapofunga mizigo kwenda kuwaona wazazi. Kinga hiyo ilikuwepo kweli, ila haikuwa kamili, na ilitegemea kuambukizwa mara kwa mara. Ukikaa miaka michache mahali pasipo na malaria, hufifia. Watoto waliozaliwa huko ugenini ndio kabisa, hawakuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo familia nzima inahitaji dawa za kinga na chandarua chenye dawa, maana mbu aina ya Anofelesi, wanaoeneza malaria, huuma zaidi usiku. Doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo za kinga, humezwa hadi wiki 4 baada ya kurudi (hapo ndipo uvivu huingia). Homa ikikupata, hata miezi 3 baadaye, kapime damu siku hiyohiyo na umweleze daktari ulikotoka.