Mapitio ya mahakama ukinyimwa viza ya Kanada ni kitu gani hasa

Mtu akinyimwa viza ya Kanada utamsikia "nakata rufaa". Sasa kwa viza ya kusoma, ya kutembea au kibali cha kazi hiyo rufaa haipo, kilichopo ni mapitio ya mahakama, yaani unaiomba Mahakama ya Shirikisho ya Kanada iangalie yule ofisa wa viza alifikiaje uamuzi wake.

Jaji hakuulizi kama unastahili viza. Yeye anafanya kama mwalimu wa hesabu anayekagua njia, anataka kuona kama maelezo ya ofisa yana mantiki ukiyaweka pembeni ya makaratasi yaliyokuwa kwenye faili lako siku ile. Kipimo hicho kiliwekwa sawa na Mahakama ya Juu ya huko kwenye kesi ya Vavilov, mwaka 2019. Mfano, ofisa kaandika haamini utaondoka Kanada ukimaliza masomo kwa sababu huna kinachokurudisha nyumbani, na kumbe kwenye faili kuna barua ya mwajiri, hati ya kiwanja, mke na watoto wanaobaki Dodoma, na hakuna hata kimoja alichokigusa, hapo una kesi. Pia wanaangalia kama ulitendewa haki, maana ofisa akishuku stetimenti yako ya benki ni feki kwa kawaida inabidi akupe nafasi ya kujieleza kwanza, sio anashuku kimoyomoyo halafu anakupiga chini.

Kwa kuwa jaji anaangalia faili kama lilivyokuwa siku ile, nyaraka mpya kwa kawaida hazipokelewi. Kama ulisahau kuambatanisha kitu, mahakama haitakusaidia, kaaplai upya tu.

Barua ya kukataliwa yenyewe ilikuwa haisemi mengi, wengi walikuwa wanapata maneno yale yale, ila tangu 2025 baadhi zinakuja na noti za ofisa. Cha kutafuta ni noti za GCMS, yaani mfumo wa kompyuta ambao idara ya uhamiaji ya Kanada inatunzia mafaili ya maombi, ndiko ofisa alikoandika alichofikiria, na mahakama inazihesabu kuwa sehemu ya sababu zake.

Muda ni siku 60 tangu ujulishwe, kama uamuzi umefanyika nje ya Kanada, na 15 tu kama umefanyika ndani. Ada ya mahakama ni dola 50 za kule, ila wakili ndo anakula hela. Na huyo wakili awe wakili kweli, kwa sababu ajenti wa viza, hata yule konsalatanti mwenye leseni, hawezi kukusimamia kwenye mahakama hiyo. Halafu kesi haisikilizwi moja kwa moja, kwanza jaji anasoma makaratasi aamue kama anakupa ruhusa ya kuendelea, akikunyima ruhusa basi imeishia hapo, haina rufaa.

Na ukishinda hupewi viza! Faili linarudishwa kwa ofisa mwingine aanze upya, na anaweza kukataa tena akitoa sababu zinazoshikika. Wakati mwingine mawakili wa serikali wakiona uamuzi ni mbovu wanakubali faili lirudiwe hata kabla ya kusikilizwa.

Kwa maoni yangu kama tatizo lilikuwa faili jepesi usipoteze hela mahakamani. Ila kuaplai upya hakusimamishi zile siku 60, kwa hiyo kama hukutumiwa noti, ziombe mapema.