Uchovu wa kuamka nao: dhana potofu kuhusu kuchoka na nguvu za Mungu

Kuna uchovu unaoisha ukilala, na kuna ule unaoamka nao asubuhi. Huu wa pili ukimpata mtu wa imani, huja na maneno ya kumwongezea mzigo. Mengine huambiwa na wenzake, mengine hujiambia mwenyewe.

Dhana: Ukichoka hivi, imani yako imepungua.

Nabii Eliya alikuwa ametoka kuona moto wa Mungu ukishuka juu ya mlima Karmeli. Malkia Yezebeli akatuma kumtishia, naye akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Hakukemewa. Malaika alimgusa akamwambia ale: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na neno lile lile, kwamba ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la “Unafanya nini hapa, Eliya?” lilimkuta kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Sisi tungeanza na swali, na mkate pengine tungeusahau.

Yesu naye alichoka kwa safari akaketi kisimani (Yohana 4), na dhoruba ilimkuta amelala chomboni, kichwa juu ya mto (Marko 4).

Dhana: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba.

Msemo huu hutolewa kwa nia njema, hasa msibani, lakini Biblia haisemi hivyo. Mstari unaotajwa, 1 Wakorintho 10:13, unahusu kujaribiwa ili utende dhambi. Paulo huyo huyo, akieleza dhiki iliyompata katika jimbo la Asia, anakiri kwamba walilemewa kuliko nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8).

Musa pia alifika hapo. Katika Hesabu 11 anamwambia Mungu waziwazi kwamba hawezi kuwabeba watu wote peke yake, na kama mambo ndiyo hayo, heri afe. Hakuambiwa ajikaze. Aliambiwa akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Anayengoja nguvu zishuke kutoka juu huku akimkatalia jirani anayetaka kumsaidia, huenda anazikataa nguvu zile zile alizoziomba.

Dhana: Kwenda kwa daktari ni kukosa imani.

Upungufu wa damu huchosha. Matatizo ya tezi ya shingo huchosha, kisukari huchosha, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) huchosha. Uchovu uliodumu wiki kadhaa unastahili kupimwa, na kupima hakuzuii kuomba. Mawazo ya kutaka kufa yakikujia, mwambie mtu leo leo na utafute msaada wa kitabibu. Eliya hakuyaficha.

Dhana: Ni lazima uombe sana, kwa maneno mazuri, ndipo upate nguvu.

Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Haina mstari wa shukrani mwishoni, na hakuna aliyeiondoa katika kitabu cha sala. Sala ya aliyechoka yaweza kuwa neno moja, au kukaa kimya tu mbele za Mungu. Na hata hilo likishindikana, mwombe mwenzako akuombee, wewe ukalale.