Kinanda chenu hakijachoka sauti

"Fundi, kinanda chetu kimechoka sauti. Tumeanza kuchangishana tununue kipya."

Maneno haya nimeyasikia tena wiki hii, safari hii kwa mwenyekiti wa kwaya moja ya ng'ambo ya Busisi. Kadi za michango zimeshachapwa na kugawiwa. Kinanda chenyewe ni Motif ES ya Yamaha, wokstesheni, yaani kinanda chenye sauti zake na vifaa vya kurekodi nyimbo ndani. Kazi yangu hapa Mwanza ni kufungua na kufunga vinanda, na kama kuna jambo moja ningependa kila kwaya ya ukanda wa ziwa ilijue kabla haijapitisha bahasha, ni kwamba sauti ya wokstesheni haichoki. Haina namna ya kuchoka.

Ndani ya kinanda hicho hakuna nyuzi zinazolegea wala ngozi inayotepeta. Kuna namba. Piano halisi ilirekodiwa, ikageuzwa namba, namba zikawekwa kwenye chipu za ROM, kumbukumbu ya kudumu isiyofutika, na kila ukibonyeza kitufe zinasomwa namba zilezile zilizosomwa siku kinanda kilipotoka kwenye boksi. Chipu hiyo ikiharibika utaijua tu: inatoa mikwaruzo, au noti za eneo fulani zinageuka makelele, au kinanda hakiwaki kabisa. Haitoi piano iliyofifia kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

Watu wanadanganywa na ulinganisho. Jumapili mmealikwa kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya jirani, wana Montage, mrithi wa Motif, mmesikia piano yao, mkarudi nyumbani na chenu kikaonekana kibovu. Ni kweli piano ile ni bora. Korg M1 ya mwaka 1988 ilikuwa na megabaiti 4 za ROM kwa sauti zake zote: piano, ngoma, kwaya, tarumbeta. Motif ya 2001 ikaja na 84, ES ya 2003 ikafika 175, XS 355, XF 741, na Montage ya 2016 ina gigabaiti 5.67. Nafasi ikiongezeka, noti inarekodiwa kwa urefu zaidi na kwa viwango vingi zaidi vya nguvu ya kidole, kwa hiyo ukipiga polepole unasikia piano iliyopigwa polepole, siyo piano ya nguvu iliyopunguzwa sauti. Mkitaka kununua kwa sababu hiyo, nunueni, ni sababu ya haki. Ila msiseme cha zamani kimechoka. Kinalia vilevile kilivyolia siku mlipokipokea kwa vigelegele.

Kuna na hili la noti kukatika. Mpiga kinanda anapanga piano, nyuzi, kwaya na kengele vyote kwenye mkono mmoja, anakanyaga pedali, kisha analalamika noti za kwanza zinamezwa. Hiyo ni hesabu. M1 inaweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja, Triton 62, Motif ya kwanza 62, Motif ES 128. Ukirundika tabaka nne kwenye kitufe kimoja, kila noti moja inakula nne au zaidi, kwa sababu hata piano moja ya stereo huwa inakula mbili. M1 katika mpangilio huo inabaki na noti nne tu. Punguza tabaka, au acha kukanyaga pedali muda wote wa wimbo.

Sasa mbona kinanda hicho kikipigwa kanisani kinasikika kibovu kweli? Hapa ndipo ninapopoteza uvumilivu, kwa sababu jibu mara nyingi liko nje ya kinanda na halihitaji hata bisibisi.

Nilimwomba mpiga kinanda wa ile kwaya anipigie picha ya nyuma ya kinanda. Waya mmoja, na umechomekwa kwenye tundu la R. Matundu ya sauti yako mawili, na yameandikwa tofauti kwa makusudi: moja L/MONO, jingine R. Ukichomeka waya mmoja kwenye L/MONO, kinanda kinatambua kwamba waya uko peke yake na kinachanganya pande zote mbili humo. Ukiuchomeka kwenye R, unapata upande wa kulia peke yake. Piano ya stereo hupangwa kama mpigaji anavyoisikia akiwa ameketi mbele yake: besi kushoto, noti za juu kulia. Kwa hiyo besi zenu zimebaki ndani ya kinanda, mnapeleka kwenye miksa nusu ya piano, halafu mnachangisha. Nikamwambia kwa simu ahamishe waya huo. Akahamisha, akapiga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na nyuma yake nikamsikia mwenyekiti akiuliza, "Umefanya nini?"

Nyaya mbili ni bora zaidi ya mmoja, lakini ziende kwenye chaneli mbili za miksa, moja imegeuzwa kushoto na nyingine kulia. Na kama spika za kanisa zote ni mono, yaani zote zinatoa sauti ileile, tumieni ule mmoja wa L/MONO, kisha mtafute sauti ya piano iliyotengenezwa kwa mono. Wokstesheni nyingi zinayo. Piano kubwa ya stereo ikibanwa kuwa mono, baadhi ya mawimbi ya kushoto na kulia yanafutana, na kinachobaki ni chembamba, kina mlio wa bati. Hapo mafundi wa miksa wanaanza kuongeza besi mpaka madirisha yanatetemeka.

La pili ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Spika ikipelekewa nguvu kupita kiasi, mara nyingi twita inakufa kwanza, spika kubwa inaendelea kunguruma, na hakuna anayegundua kwa kuwa mahubiri bado yanasikika. Kinanda kinakosa ung'avu wote. Chomeka hedifoni nzuri moja kwa moja kwenye kinanda. Kikilia vizuri kwenye hedifoni, kinanda ni kizima, nendeni kwenye spika. Kipimo hiki ni cha dakika moja na hakuna kwaya inayokifanya kabla ya kuitisha kikao cha fedha.

Kinachozeeka ni mwili wa kinanda, vitufe kwanza. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye madoa mawili meusi ya kaboni, na chini ya raba kuna bodi yenye njia za kaboni. Ukibonyeza, doa la kwanza linagusa, halafu la pili. Kinanda kinapima muda uliopita kati ya mguso na mguso, kinaugeuza kuwa nguvu ya noti, kuanzia 1 hadi 127. Uchafu ukiingilia mguso mmoja, hesabu inavurugika: kitufe kinakuwa bubu, au kinapiga kelele kwa nguvu zote hata ukikigusa kwa ncha ya kidole.

Na uchafu wa kwetu una chanzo ambacho kitabu cha Yamaha hakikitaji. Aliyekaa Kirumba, Igombe au Nansio anawajua vijidudu vya ziwa. Siku za mwezi mwandamo wanainuka majini kama moshi, na usiku wanajaa kwenye kila taa. Mazoezi ya kwaya ni jioni, na taa ya kusomea nota inawaka juu ya vitufe. Wanaingia kwenye mianya kati ya kitufe na kitufe, wanafia humo. Nikifungua kinanda nakuta utando wa kijivu: mabawa yamegandana na vumbi na jasho la vidole, yamelala pembezoni mwa raba. Naziondoa raba ukanda kwa ukanda, nafuta kaboni ya bodi kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, naacha pakauke, narudisha. Kinanda kilichokuwa "kimechoka" kinarudi na mkono wake wote. Usipulizie yale mafuta ya kulegeza bolti zilizoshika kutu. Yanaacha utando unaokamata vumbi zaidi, na raba zinaharibika. Na mkimaliza mazoezi, funikeni kinanda kwa kitambaa kabla hamjazima kila kitu kingine, maana taa ikibaki inawaka wanaendelea kuingia.

Betri niitaje kwa haraka. M1 na wenzake wa enzi hiyo huhifadhi sauti mlizotengeneza wenyewe kwa betri ya volti 3, CR2032. Betri ikifa, sauti zenu zinapotea. Ibadilishwe mapema, baada ya kuhifadhi data.

Umeme sasa. Kapasita za elektroliti, vile vijikopo vinavyotunza umeme kwenye pawa saplai, zinakauka, na kanuni inayofahamika na mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wake unapungua kwa nusu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unamalizia kazi. Wekeni stabilaiza, na umeme ukikatika chomoeni mpaka utulie. Hapa lazima niseme kwamba kauli yangu ya juu ina ufa. ROM haichakai, lakini sauti ikitoka kwenye ROM inapita kwenye kapasita za njia ya kutokea, na hizo zinazeeka. Zikizeeka, besi inapungua au mvumo unaongezeka. Je, nibadilishe kapasita zote za kinanda cha miaka ishirini ambacho bado kinafanya kazi? Nabishana na nafsi yangu kila mara. Bodi kuukuu inachubuka njia zake ukiipasha moto, na kinanda kizima kinaweza kutoka mezani kikiwa kigonjwa. Siku hizi naziacha mpaka zinipe sababu.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Vinanda vipya vingi vinahifadhi sauti na programu yake kwenye chipu za flashi badala ya ROM ya zamani, na flashi huhifadhi data kwa chaji ya umeme iliyofungiwa ndani, ambayo kwa miaka mingi huvuja. Inawezekana kabisa M1 ikaendelea kulia wakati vilivyoizika vimeshasahau sauti zao.

Basi ni wakati gani wa kuachana nacho? Kioo kikifa na hakuna cha kubadilisha. Chipu kuu ya sauti ikifa, maana inatengenezwa kwa ajili ya kinanda hicho tu, huipati dukani, unaichomoa kwenye kinanda kingine kilichokufa. Plastiki za vitufe zikivunjika na hakuna seti. Au muziki wenu umekizidi, na hilo nimeshalikubali.

Mkifika hapo, mtakutana na imani ya pili: "Tutahamisha sauti zetu zote kwa flashi ya USB." Hapana. Nirudie, hapana. Sauti mliyoitengeneza kwenye Motif ni maagizo yanayosema: chukua rekodi namba fulani kutoka ROM hii, ipitishe kwenye chujio hili, iongezee mwangwi huu. Korg haina ROM hiyo, haina chujio hilo. Hata ikilisoma faili, haina cha kuchukua. Ndani ya kampuni moja kuna njia kwa baadhi ya mifano, kwa mfano Montage inasoma sauti za Motif XF, lakini thibitisheni kwa mfano wenu hasa kabla ya kulipa. Nyimbo mlizorekodi kwenye sikwensa, kinasa nyimbo cha ndani ya kinanda, zinahama kama faili za MIDI, lugha ambayo vinanda hupeana maagizo, na faili ya MIDI inabeba noti, nguvu, chaneli na namba ya sauti. Sauti yenyewe haimo. Ukiifungua kwenye kinanda kipya, nyuzi zako zinaweza kulia kama filimbi. Kila chaneli mtaipangia sauti upya kwa mkono, na mpiga kinanda wenu atahitaji muda. Msinunue Alhamisi kwa ajili ya tamasha la Jumapili.

Halafu ulizeni mnachohitaji. Kwaya nyingi zinataka midundo yenye utangulizi, vibwagizo na mwisho, inayofuata kodi za mkono wa kushoto. Hiyo ni kazi ya arenja, kama PSR-SX900 au Pa1000. Wokstesheni haikutengenezwa kwa hilo, na mnalipa zaidi kupata msichokitumia.

Cha mtumba kutoka Japani, someni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kule ni volti 100, hapa ni 230. Chenye adapta iliyoandikwa 100–240 hakina shida. Chenye pawa saplai ya ndani ya volti 100 kinahitaji transfoma ya kushusha, la sivyo kinaungua siku ya kwanza.

Na cha zamani msikiuze kwa bei ya kutupa. MIDI ni ya mwaka 1983 na bado ni ileile: tundu la pini tano la M1 linaelewana na la Montage M ya 2023. Toa kebo kwenye MIDI OUT ya kipya, ingiza kwenye MIDI IN ya cha zamani, weka chaneli moja pande zote mbili, na nyuzi za Motif yenu zitalia chini ya piano mpya kwa vidole vilevile. Kikomo cha kebo hiyo ni mita 15. Kwenye jukwaa la kanisa, mita mbili au tatu zinatosha.