Kundi la biti: maana yake katika safari ya Gerry and the Pacemakers

Ukimtajia msanii wa Bongo Fleva neno "biti", atafikiria mdundo anaotengenezewa na produsa kabla hajaingia kuweka sauti. Waingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipotaja kundi la biti walikusudia kitu cha karibu kinyume chake: vijana wanne au watano wanaopiga vyombo wenyewe, wanaoimba wenyewe, papo hapo, mbele ya watu wanaocheza.

Vyombo vyenyewe si vigeni kwa aliyelelewa na muziki wa dansi: gitaa la solo, gitaa la rithimu, gitaa la besi na dramu. Lakini bendi zetu za dansi mara nyingi zilikuwa na safu ya waimbaji mbele, wapigaji nyuma na wapuliza tarumbeta na saksafoni pembeni. Kundi la biti halikuwa na nafasi hizo. Aliyeshika gitaa ndiye aliyeimba, na mwenzake wa besi alimwitikia. Jina lilitokana na mapigo yenyewe: dramu nzito, iliyonyooka, isiyomwacha mtu kwenye kiti.

Chimbuko lake ni umaskini wa vyombo. Mwaka 1956 mwimbaji Lonnie Donegan aliwatia vijana wa Uingereza wazimu wa muziki uliopigwa kwa gitaa la bei nafuu, ubao wa kufulia nguo na besi iliyoundwa kwa sanduku la chai. Kila mtaa ukapata kikundi chake. Liverpool, mji wa bandari kando ya mto Mersey, ulikuwa na vikundi vingi mno, hata mwaka 1961 Bill Harry akaanzisha gazeti la kuviandika tu, akaliita Mersey Beat.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Gerry and the Pacemakers. Wengi hukimbilia Beatles, lakini Beatles walivuka mipaka ya aina hii ya kundi mapema, kwa hiyo hawatuonyeshi vizuri maisha yake ya kawaida. Gerry Marsden alizaliwa Liverpool mwaka 1942. Alianzisha kundi mwaka 1959 pamoja na kaka yake Freddie kwenye dramu na Les Chadwick kwenye besi. Baadaye Les Maguire akaja na piano, akishika nafasi ambayo kwa wengine ingekuwa ya gitaa la pili. Walikomaa kama wenzao wengi wa mji ule walivyokomaa: mchana katika ukumbi wa Cavern, chini ya ardhi, kisha Hamburg, Ujerumani, ambako kundi lilipiga kwa saa nyingi kila usiku. Huko ndiko mpigaji alikojifunza kutochoka.

Meneja wa Beatles, Brian Epstein, aliwachukua wakawa kundi lake la pili. Mtayarishaji George Martin alikuwa na wimbo wa Mitch Murray, "How Do You Do It?", ambao Beatles walikuwa wameurekodi lakini hawakutaka utoke. Gerry aliuchukua kwa furaha, na mwezi wa Aprili 1963 ukashika namba moja Uingereza. Wa pili, "I Like It", ukafika hapohapo. Wa tatu ukafika pia, kabla mwaka haujaisha. Hakuna msanii aliyekuwa amewahi kuzifikisha namba moja rekodi zake tatu za kwanza, na ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla ya wengine, Frankie Goes to Hollywood, nao wa Liverpool, kufanya hivyo.

Huo wa tatu ndio unaotufundisha jambo kuhusu istilahi hii. Ni "You'll Never Walk Alone", kutoka Carousel, mchezo wa kuigiza wa muziki wa Rodgers na Hammerstein uliofunguliwa New York mwaka 1945. Ni wimbo wa taratibu, na vinanda vya nyuzi vimeujaza. Hauna biti hata kidogo! Kundi la biti, basi, ni jina la watu na namna yao ya kufanya kazi. Wimbo mmoja mmoja waweza kuwa wa aina nyingine kabisa.

Muda wao ulikuwa mfupi, kama ilivyokuwa kwa wengi. Mwaka 1964 walipendwa Marekani, mwaka uliofuata "Ferry Cross the Mersey" ikafika namba sita huko, kisha masikio ya vijana yakahamia kwingine. Oktoba 1966 walivunja kundi. Gerry aliingia kwenye maigizo ya jukwaani na vipindi vya watoto vya televisheni. Freddie alifungua shule ya udereva, akaiita Pacemaker.

Wimbo wa tatu, hata hivyo, ulikuwa umeshachukuliwa. Uwanjani Anfield, nyumbani kwa klabu ya soka ya Liverpool, zilipigwa nyimbo zilizokuwa zikitamba kabla ya mechi kuanza, na mashabiki wa jukwaa la Kop wakaufanya huu kuwa wao. Mwaka 1985, baada ya moto wa uwanja wa Bradford kuua watu 56, Gerry aliuimba tena na wasanii wengi ili kuchangia waathirika, na ukashika namba moja mara ya pili. Mwaka 1989, baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough, ambako mashabiki wa Liverpool walikufa kwa msongamano, "Ferry Cross the Mersey" nayo ilirekodiwa upya kwa ajili ya wafiwa, Gerry akiwa na Paul McCartney, Holly Johnson na kundi la The Christians.

Gerry alifariki Januari 2021. Mashabiki wa Liverpool kwenye vibanda umiza vyetu huuimba wimbo ule kwa sauti kubwa, na wengi hawajawahi kusikia rekodi ya 1963. Itafuteni. Sikilizeni anavyoanza polepole, karibu peke yake, kijana wa miaka ishirini hivi aliyezoea kupiga muziki katikati ya kelele za walevi wa Hamburg.