Je, wajua? Kuna watoto wanaenda darasani siku mbili tu kwa wiki na wanasoma kweli

Ukimwambia mzazi wa Mbeya kwamba huko Marekani kuna watoto wanaenda darasani Jumanne na Alhamisi tu, siku zingine wako nyumbani na mama yao, atakwambia hao ada imewashinda. Ndio, maana huku kwetu mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri na baridi ile ya mwezi wa sita, basi la shule linapiga honi chai haijapoa, jioni homuweki, Jumamosi twisheni, na bado tunalalamika hajui kitu. Sasa hao wa siku mbili wanafanyaje?

Kwanza tuelewane, siku zile nyingine mtoto hayuko likizo. Ticha wa darasani anapanga kazi ya wiki nzima, anampa mzazi, na mzazi ndio anakaa na mtoto mezani mpaka kazi iishe. Wakirudi darasani ticha anaendelea pale nyumbani walipofikia, hivyo mzazi akizembea inajulikana siku hiyo hiyo. Huu mtindo wa haibridi, yaani nusu shule nusu nyumbani, ulishika kasi kuanzia 1993 pale Arlington, Texas, kwenye shule moja ya Kikristo iliyoamua kufuata ratiba ya chuo kikuu kwa watoto, yaani vipindi siku chache halafu unaenda kujisomea. Kwa kawaida wadogo wanaenda siku 2, wakikua wanaongezewa.

Na kwanini hasa Wakristo? Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Pale wazazi wanaambiwa wawafundishe watoto wakiwa wamekaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Sisi andiko hilo tunalisikia kanisani tunaitikia amina tunaenda kula, wenzetu wamelichukua kama ratiba kabisa. Kwao mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mzazi, shule inamsaidia tu, na hisabati na Biblia na kuosha vyombo vyote ni malezi yale yale.

Upande wa kufundisha wengi wameazima kwa mama mmoja Mwingereza, Charlotte Mason (1842 hadi 1923), ambaye mwaka 1892 alifungua chuo cha kufundisha walezi na walimu kule Ambleside, kaskazini mwa Uingereza. Huyu mama alisema mtoto ni mtu kamili tangu anazaliwa, sio debe la kujaza. Vipindi vya wadogo aliviweka vifupi, dakika 15 au 20 basi, kwa sababu alitaka mtoto azoee kuwa makini kabisa kwa muda mfupi kuliko kukaa masaa mawili akili iko kwenye mpira. Halafu kuna kusimulia. Unamsomea mtoto kipande mara moja tu, hurudii, unafunga kitabu, unamwambia haya nieleze. Hakuna chagua herufi sahihi wala jaza nafasi, anasema yote aliyoshika kwa maneno yake. Ukitaka kujua ugumu wake jaribu mwenyewe na mahubiri ya Jumapili iliyopita.

Masomo yakiisha ni nje, na daftari la kuchora. Hapa ndio mi naona sisi wa nyanda za juu tumekalia utajiri. Chukua parachichi, maana sasa hivi Rungwe na Njombe kila mtu ana mche. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike, linafunga, halafu siku inayofuata linafunguka likiwa dume. Hass linafunguka jike asubuhi na kesho yake mchana ndio dume, Fuerte ni kinyume, jike mchana na dume kesho yake asubuhi, ndio maana wakulima wanashauriwa wachanganye aina hizo mbili ili nyuki akitoka huku akute kule kuko tayari. Sasa mtoto wa miaka 8 mfungie uzi mwekundu kwenye kitawi kimoja, achore ua la saa tatu asubuhi, arudi saa tisa alikute limefunga, kesho arudi tena. Na akikuta saa haziendani na ulivyomwambia, safi sana, kwenye baridi muda unasogea, hapo atauliza mwenyewe kwanini na wewe utakuwa na kazi ya kutafuta jibu. Hiyo biolojia haitoki kichwani.

Wapo pia wanaofuata njia ya kale ya hatua tatu, wadogo wanakariri kwa nyimbo, wa kati wanafundishwa kubishana kwa hoja, wakubwa kujieleza mbele za watu. Sisi wengi tumekwama hatua ya kwanza mpaka chuo, ila tuyaache hayo.

Sasa usikimbilie kumtoa mtoto shule. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mtihani wa darasa la saba wanasajiliwa kupitia shule. Tena mfumo huu unataka mtu mzima anayeshinda nyumbani na mwenye subira, mama anayefungua genge Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi huo muda anautoa wapi? Hata huko Marekani hili ndio linawatoa wengi, mshahara mmoja hautoshi, na sio kila mzazi anaweza kufundisha hesabu za sehemu bila kugombana.

Lakini kusimulia hakuhitaji kibali cha mtu. Leo jioni acha lile swali la mmesoma nini leo, maana jibu lake ni "hamna kitu". Msomee ukurasa mmoja, hata wa Mkwawa na Lugalo kama mko Iringa, funga kitabu, mwambie akueleze. Akikwama usimdakie neno, msubiri. Na simu yako iache chumbani.