Asidi ikimwagikia ngozi, osha kwa maji

Katika vikundi vya WhatsApp vya wazazi wa Goma unarudi kila mara ujumbe huu: mwanafunzi akimwagikiwa asidi maabarani asiguswe na maji, eti maji "huiwasha", apakwe bikarbonati au dawa ya meno. Si kweli, na ushauri huo unapoteza dakika za kwanza, ambazo ndizo muhimu kuliko zote.

Tunaelewa mkanganyiko unapotokea. Darasani hufundishwa: mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Maji kidogo yakiingia kwenye asidi ya sulfuriki kali hupata joto ghafla, huchemka na kuirusha. Lakini kanuni hiyo inahusu kuchanganya ndani ya chombo. Kwenye ngozi, maji mengi yanayotiririka huiondoa asidi pamoja na joto lake. Dawa ya meno huifungia hapo hapo, tena humfichia muuguzi kina cha kidonda.

Osha papo hapo, dakika 20, huku nguo zilizolowa zikivuliwa. Fulana ikatwe, isipitishwe usoni. Jicho lifunguliwe kwa vidole, maji yatoke upande wa pua kwenda nje. Kisha hospitali. Robine zinaweza kukauka, kwa hiyo kabla ya jaribio jazeni bidoni mbili za lita 20: zinatosha lita 2 kila dakika kwa dakika hizo 20. Chokaa kavu isiyozimwa, yaani ambayo haijatiwa maji, ni tofauti: pangusa unga kwanza, ndipo uoshe.

Kuhakiki, soma lebo ya chupa ya asidi. Ile ya Kifaransa huandika "rincer la peau à l'eau", yaani suuza ngozi kwa maji. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma aufute.