Ukurutu wa mtoto: mafuta ya kupaka na mafuta ya kula

Mwanangu ana ukurutu viwikoni na nyuma ya magoti. Bibi yake hapa Lamu humpaka mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe. Yafaa?

Yafaa, lakini muulize bibi ametia nini ndani. Mafuta yenye asumini, mkadi au udi ni ya bi harusi. Manukato huchokoza ngozi iliyopasuka. Mtoto awe na chupa yake, ya tui lililochemshwa likatoa mafuta, basi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani yaliwasaidia watoto wenye ukurutu kuliko mafuta ya madini, yaani yale ya petroli yaliyosafishwa.

Na ya zeituni?

Yana heshima yake, najua, ila kwa ukurutu siyapendekezi. Yana asidi nyingi ya oleiki, na majaribio ya mwaka 2013 yalionyesha mafuta hayo hudhoofisha kinga ya ngozi. Yaleni kwa mkate.

Vaseline je?

Mafuta ya mgando yasiyo na harufu ni mazuri sana. Wengi hukosea kiasi na wakati. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mpanguse bila kumsugua, kisha mpake ngozi ikiwa bado na unyevu, mkono ukifuata vinyweleo vinakolala. Mwongozo wa Uingereza hutaja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto, kwa hiyo kikopo cha gramu 50 hakifiki mbali! Na tahadhari: shuka na nguo zilizolowa mafuta hushika moto upesi. Mtoto akae mbali na jiko la mkaa na kibatari.

Naambiwa samaki huwasha. Nimkataze?

Usimkatie chakula kwa maneno ya barazani. Akivimba midomo au akitapika mara tu baada ya kula, hiyo huenda ni mzio, apelekwe hospitali. Vinginevyo vibua na dagaa ni chakula bora, ingawa mafuta yao hayaponyi ukurutu. Vidonge vya mafuta ya primrozi, ua ambalo mbegu zake hukamuliwa mafuta, usivinunue: mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakuona faida yake kuliko vidonge visivyo na dawa.

Nikipaka mafuta, niache krimu ya daktari?

Hapana. Mafuta hulainisha ngozi. Krimu ya stiroidi hutuliza uvimbe, nayo hutumika kama ulivyoelekezwa. Ukiona majimaji, ukoko wa manjano au homa, huenda ngozi imeingia vijidudu: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.